Chewa Aliyeupa Mlango Kisogo

Maboya ya manjano yalisimama juu ya maji kama vichwa vya watu waliozama hadi shingoni. Mlinzi wa hifadhi alipunguza mwendo, boti ikapenya katikati ya mawili, kisha akazima mashine kabisa. Inspekta alisikia maji tu yakilamba ubavu wa boti.

"Mpaka ndio huo tumeuvuka, Afande," mlinzi alisema. "Kuanzia hapa hata ndoana iliyopinda hairuhusiwi kugusa maji."

"Na boti ya Daktari uliikuta wapi?"

"Papa hapa. Ilikuwa ikizunguka taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha."

Inspekta aliinama ukingoni. Maji yalikuwa maangavu, na chini kabisa mwamba ulitandaa kama mji uliohamwa. Kisha kipande cha mwamba kikasogea. Kilipanda polepole, kipana kama ubao wa mlango, kikalala ubavu, na jicho la duara likamtazama usoni. Inspekta aliondoa mkono wake ukingoni bila kupenda.

"Ni chewa tu," mlinzi alisema, wala hakucheka. "Watakuja na wengine."

Wakaja. Hawakurukaruka wala hawakugombana. Walisimama majini kuizunguka boti, midomo ikifumba na kufumbua, macho yote juu.

"Wanataka chakula?"

"Hawataki kitu. Tangu sheria ya taifa iufunge mwamba huu, wadogo wamekua bila kumjua mtu, na wakubwa wamemsahau. Wanakuja kutazama basi." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Asubuhi nilipoikuta boti ya Daktari waliizunguka hivihivi, vichwa vyote vimeielekea. Nilisubiri jua lipande ndipo nikaikaribia. Liandike hilo ukitaka, sioni haya."

Inspekta hakuandika. Aliyekuwa akimtafuta ni daktari wa meno mstaafu, mtu aliyependa kuvua kwa mshipi kama wengine wanavyopenda bao au mpira: si kwa kuuza, si kwa kitoweo, ni kwa raha tu. Watu wa namna yake walikuwa wengi mjini, na walikuwa na klabu yao pale ufukweni. Sheria mpya ya kuhifadhi bahari ilikuwa imewakata maini. Iliwaruhusu kuvua nje ya maboya, tena kwa sharti kwamba kila samaki arudishwe majini akiwa hai. Ndani ya maboya aliruhusiwa mmoja peke yake, mwenye kibali cha wizara, awanase samaki, awachome kijialama cha plastiki na kuwaachia, ili ijulikane kama wanaongezeka. Mmoja huyo alikuwa Daktari. Wenzake klabuni walimwita Msaliti mbele yake. Nyuma yake walimwita mengine.

Sasa alikuwa ametoweka, boti yake imekutwa tupu, na klabu nzima ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: kauawa na mlinzi wa hifadhi.

"Mligombana gatini," Inspekta alisema. "Watu waliwaona."

"Alivuka mpaka bila kupiga redio. Nikamwambia kibali si kinga. Alikasirika. Kesho yake akaja ofisini kuniomba radhi, tukacheka. Shida ni kwamba ugomvi ulikuwa na mashahidi, radhi haikuwa nao."

"Boti yako ina rangi nyeupe ubavuni. Ni rangi ya boti yake."

"Niliifunga ubavuni nikaileta bandarini. Ulitaka niipulize ifike?"

Inspekta aliliacha hilo lipite. "Na mwito?"

Mlinzi aliitupia jicho redio yake. Chewa mmoja aliisukuma boti kwa pua, wakayumba kidogo.

"Alasiri ile Daktari aliita kwa redio ya upepo," Inspekta aliendelea. "Ukumbi mzima wa klabu ulimsikia. Wewe ulikuwa peke yako huku baharini, kwenye masafa yaleyale, na umeandika kwenye maelezo yako kwamba hukusikia neno."

"Sikusikia."

"Unaona inavyokaa."

"Naona. Ningekuwa mwongo mzuri ningesema nimesikia, mambo yakaisha." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kulikuwa na ukungu, Afande. Bahari ilikuwa kama sufuria ya maziwa. Redio yangu niliifungulia mpaka mwisho, na alasiri yote sauti iliyokuwa hewani ni yangu mimi, natangaza ukungu, nawaambia wenye boti warudi. Nilirudia mpaka koo likakauka. Hakuna aliyenijibu. Jioni naambiwa Daktari kaita, watu wote wamemsikia. Wallahi, nilikaa nikajiuliza kama aliyekufa ni mimi."

Inspekta aliyarudisha akilini yale aliyoyaona mwenyewe kwenye boti iliyokutwa. Fimbo za kuvulia zilikuwa ndani ya mifuko yake ya kitambaa, zimefungwa kamba. Sanduku la chambo halikufunguliwa. Nanga haikuwapo, na kamba yake haikukatwa. Ilifunguliwa kwa mikono.

"Turudi," alisema.

Mashine ilipowaka, chewa hawakukimbia. Waliisindikiza boti mpaka kwenye maboya, wakasimama hapo wakiitazama inavyokwenda, kana kwamba nao wamesomewa sheria.

*

Ukumbi wa klabu ulikuwa chini ya ulinzi tangu jioni ya siku ile ya mwito. Koplo mmoja, kijana mwenye msimamo wa ukuta, alikuwa ameufunga mara tu taarifa kwamba Daktari hajarudi zilipofika kituoni na hakumruhusu mtu kuingia hata kuchukua mwavuli. Inspekta alimwambia afungue madirisha. Harufu ya vanishi na vumbi ikatoka taratibu.

Ukuta mrefu ulijaa samaki waliokaushwa: nguru, kolekole, nduaro mwenye pua kama mkuki, kila mmoja juu ya ubao wake, na chini yake kibati chenye mwaka na jina la aliyemvua. Macho yao ya kioo yaliufuata mlango. Aliyeingia alijiona amechelewa kufika kwenye kikao.

Waliomsubiri walikuwa wawili. Mwenyekiti wa klabu, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, watu walimwita Kapteni ingawa chombo kikubwa alichowahi kuendesha ni kile cha klabu. Wa pili alikuwa mhudumu wa kantini, mama wa makamo aliyekaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka.

Kwenye kona, juu ya meza ndogo, kulikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cha meza.

"Ni redio," Kapteni alisema kabla hajaulizwa. "Wanachama waliifunika jioni ileile. Hawataki kuitazama."

"Nieleze mwito ulivyokuja."

"Tulikuwa hapa, watu tele. Wiki hii tume ya wizara inakuja kuamua kama tutafunguliwa sehemu ya mwamba, kwa hiyo tulikuwa tunajiandaa. Sisi si wavuvi wa nyavu, Inspekta. Tunanasa wawili, tunapiga picha, tunaachia. Kutufungia bahari ni kumfungia jiko mtu asiyekula."

"Mwito, Kapteni."

"Ndiyo. Akaita. Akasema yuko mpakani, anarudi. Basi. Tangu hapo hakuonekana. Mimi sikutoka humu tangu adhuhuri mpaka koplo wenu alipotutoa jioni, mashahidi ni hao wote. Aliyekuwa nje ni mtu wenu wa hifadhi."

Inspekta alimgeukia mhudumu. "Na wewe, mama, ulisikia nini?"

"Nilisikia hivyohivyo." Mama alizungusha kitambaa kidoleni. "Ila..."

"Ameshasema alichosikia," Kapteni aliingilia.

"Ameanza kusema. Endelea, mama."

"Ila sauti yenyewe. Mimi nimekaa na redio hiyo miaka. Inakwaruza, inapiga miluzi, maneno yanakatikakatika. Sauti ya Daktari siku ile haikukwaruza hata chembe. Ilikuwa kama kasimama humu ndani, nyuma ya bega langu. Niliangusha sinia." Alikaza kitambaa kidoleni. "Tena alisema upepo wa kusini unamsumbua. Mwanangu, upepo upi? Nje palikuwa na ukungu, hata pazia halikutikisika. Ndipo mmoja wao aliposema, huyu anatuita kutoka kwingine. Na hakuna aliyemkatalia."

"Watu wana hofu," Kapteni alisema. "Mwenye hofu husikia mengi."

"Kabla ya sauti hiyo, redio ilisema nini?" Inspekta aliuliza, macho bado kwa mama.

"Kimya."

"Na baadaye?"

"Kimya tu, mpaka tulipofukuzwa humu."

"Mliambiwa na nani kwamba kuna ukungu?"

Mama alilishangaa swali. "Nani atuambie? Tuliuona dirishani."

Inspekta alisimama akaanza kuupitia ukuta, samaki mmoja mmoja, mikono nyuma, kama mnunuzi asiye na haraka. Wote walionyesha ubavu wa kushoto na vichwa vyao vilielekea mlangoni. Alipofika juu ya meza ya redio akasimama. Hapo palikuwa na chewa, mkubwa kuliko wote, domo limeachama kiasi cha kumeza kichwa cha mtoto. Huyu alionyesha ubavu wa kulia. Mlango alikuwa ameupa kisogo.

"Huyu nani alimvua?"

"Mimi. Kabla ya sheria. Mwaka umeandikwa hapo."

"Mbona hakai kama wenzake?"

"Fundi aliyemkausha alikuwa mlevi," Kapteni alijibu, haraka kidogo kuliko swali lilivyohitaji.

*

Mke wa Daktari alimkaribisha jikoni, kwa sababu sebuleni kulijaa ndugu waliokuja kungoja habari. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwenye rafu, katikati ya kopo la chumvi na la majani ya chai, ilikaa redio ndogo ya upepo, imewashwa. Ilikuwa ikikoroma polepole kama mtu aliyelala chumba cha pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mmempata?"

"Bado, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufuta meza iliyokwisha kutakata.

"Hiyo redio huwa wazi kila siku?" Inspekta aliuliza.

"Akiwa baharini, haizimwi. Tangu alipostaafu ndiyo kawaida yetu. Anawaita wa klabu, na mimi namsikia humuhumu napika. Simjibu, anajua nasikia."

"Siku ile pia ilikuwa wazi?"

Kitambaa kilisimama mezani. Mama hakuinua uso, na alipozungumza ilikuwa kwa sauti ya mtu anayechunga asisikike sebuleni.

"Mwanangu, nitakwambia wewe, maana wale siwezi kuwaambia. Sikumsikia. Watu wazima wote wa klabu, wasiompenda, wamesikia neno lake la mwisho. Mimi mkewe nilikuwa hapa, umbali wa mkono, sikulisikia. Kila anayenipa pole ananiambia, angalau alikuaga. Naitikia. Nasema ndiyo, aliniaga."

"Labda ulitoka kidogo."

"Sikutoka. Nilikuwa nachambua mchele."

"Labda redio ilikuwa na hitilafu."

"Ingekuwa na hitilafu nisingemsikia yule kijana wa hifadhi. Alitangaza ukungu mchana kutwa mpaka nikamwonea huruma. 'Rudini, rudini.' Neno kwa neno nilimsikia. Mume wangu tu ndiye sikumsikia." Aliondoa miwani. "Tangu siku hiyo sijaizima. Nasema labda atalirudia."

Inspekta aliitazama ile redio rafuni. Redio ilikoroma. Jikoni humu tangazo la ukungu lilisikika mara nyingi. Klabuni, kwenye redio kubwa zaidi na karibu zaidi na bahari, halikusikika hata mara moja. Mlinzi hakuwa amesema uongo.

"Mama, Daktari alivyokuwa akiita, alikuwa na mtindo gani? Aliandika?"

"Aandikie wapi, mikono imejaa maji? Alikuwa na kinasa sauti chake, kijimashine cha kuingia mfukoni, tangu enzi za kung'oa meno. Akiita kwenye redio anakiwasha kinase. Jioni anakaa hapo anajisikiliza. Nilikuwa namwambia, baba, wewe peke yako ndiye unayependa sauti yako." Alitabasamu, tabasamu likakatika. "Kwani hamkukikuta botini?"

"Hapana."

"Basi amekwenda nacho."

"Kuhusu klabu. Siku za mwisho alikuwa akienda?"

"Alikwenda mara moja, kwenye karamu yao. Alikuwa hajaingia ukumbini humo tangu wamwite Msaliti. Alirudi mapema, hakula, akakaa gizani. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, 'Nimemwona mgonjwa wangu ukutani.'" Mama alishika mkono wake wa pili kama mwenye baridi. "Nilidhani akili inaanza kumtoka. Wazee huanza hivyo."

"Mgonjwa gani?"

"Ndivyo alivyowaita samaki wake, wagonjwa. Kuna mmoja alimkuta mdomo umechanwa na ndoana ya mtu, akamshona. Kweli, kwa uzi wa hospitali, nyuzi kadhaa, ndipo akamchoma alama ubavu wa kushoto akamwachia. Alicheka wiki nzima. Alisema ndiye mgonjwa wa kwanza asiyepiga kelele."

"Ubavu wa kushoto?"

"Wote ni ubavu wa kushoto. Wizara ndivyo inavyotaka, alama zisitafutwe."

Inspekta alisimama. "Hiyo kumshona ilikuwa kabla ya sheria au baada?"

"Baada, mwanangu. Kabla ya sheria nani alikuwa na habari ya kuwachoma samaki alama?"

*

Alimwita Kapteni arudi ukumbini jua likiwa bado juu. Alitaka pawe na mwanga. Koplo alisimama mlangoni. Inspekta aliondoa kitambaa juu ya redio, akaiwasha, akamwomba koplo ampigie simu mlinzi wa hifadhi, aite kutoka mpakani.

Walingoja. Taa ndogo ya kijani iliwaka, lakini redio ilikuwa bubu kama jiwe. Koplo alisikiliza simu yake. "Anasema ameshaita, Afande. Anaita sasa hivi."

Inspekta alipapasa nyuma ya redio. Waya wa antena ulikuwa umechomolewa na kusukumwa chini ya meza. Akauchomeka. Ukumbi ukajaa mikwaruzo, na ndani yake, kwa mbali, sauti iliyokatikakatika: "...ukumbi, ukumbi, mnanisikia..."

"Hivyo ndivyo mtu anavyosikika akiwa baharini," Inspekta alisema.

Kapteni alivua kofia, akaivaa tena. "Waya unaweza kuchomoka wenyewe."

"Unaweza. Ila ulichomoka kabla ya tangazo la ukungu, maana humu hamkulisikia, na koplo akaufunga ukumbi ukiwa hivyo. Kwa hiyo alasiri ile redio hii haikuweza kuleta sauti ya mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Koplo, nisaidie huyu chewa."

"Huyo ataharibika," Kapteni alisema. Alikuwa amesimama.

Walimshusha samaki kwa mikono minne. Alikuwa mwepesi kuliko umbo lake, mkavu, kama sanduku tupu. Walipomwinamisha ili apite juu ya redio, kitu kiligongagonga ndani ya domo lake.

Walimlaza juu ya meza. Inspekta alivaa glavu, akapeleka vidole katikati ya meno, akashika kitu baridi, akakitoa. Kilikuwa kijimashine cheusi cha kuingia mfukoni.

Kabla ya kukigusa zaidi alimgeuza chewa. Ubavu wa kushoto, chini ya pezi la mgongoni, palipakwa nta na rangi juu yake. Alikwangua kwa ukucha. Chini ya nta kulikuwa na kishina cha plastiki ya manjano, kimekatwa usawa wa ngozi. Kwenye mdomo, mahali ambapo mtu asingetazama kama hakuambiwa, kulikuwa na alama za sindano, zimepangwa vizuri, kazi ya mkono uliozoea vinywa.

Akabonyeza kitufe.

"Klabu, klabu." Sauti ya mzee, changamfu, karibu mno. "Nipo mpakani. Upepo wa kusini unanisumbua kidogo. Nimemwachia mmoja, mkubwa, mtakuja kusema naongopa. Narudi."

Sauti ilizunguka ukumbini, ikapita juu ya wale samaki wengine na macho yao ya kioo, ikaisha. Koplo alikuwa ameshika fremu ya mlango. Kapteni alikuwa amekaa bila mtu kumwambia akae.

"Kimashine hiki kinaweza kukaa kimya muda mrefu kabla ya kufika kwenye maneno," Inspekta alisema. "Ulikitoa mfukoni mwake, ukachomoa waya redio isije ikakusuta, ukakiwasha, ukakiweka domoni mwa chewa, ukajiunga na wenzako. Uliwataka wamsikie Daktari akiwa hai wakati wewe uko mbele ya macho yao. Lakini sauti ya siku yenye ukungu hukuwa nayo. Ulichukua iliyokuwapo, ya siku ya upepo."

Kapteni alimtazama chewa aliyelazwa mezani.

"Nilimfuata samaki huyu tangu nikiwa kijana," alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na hasira. "Alinikatia mishipi, akanivunjia fimbo. Mke wangu alikuwa akisema ana mke mwenza ndani ya bahari. Halafu wakaja na sheria yao, wakaweka maboya, wakaniambia yule si wako, ni wa taifa. Siku moja mvua ilinyesha, doria haikutoka. Nikavuka. Nikamtupia. Akaja, Inspekta. Hakupigana. Alikuja juu kama anayekuja kunisalimia, akanitazama. Sheria ilisema mwachie. Mkono ukakataa."

"Na Daktari akamtambua."

"Kwenye karamu. Alisimama hapa akamtazama mdomoni, akanitazama mimi, akatoka bila kuaga. Nilimfuata baharini asubuhi ile kwa boti yangu ndogo. Nikamsihi. Nikamwambia tume ikijua tumeua samaki mwenye alama, mwamba hautafunguliwa tena, si kwangu tu, kwa wote, kwa wajukuu wetu. Akasema ndiyo sababu atawaambia." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Nilikuwa nimeshika gongo la kuulia samaki. Siku hizi halina kazi, tunaachia wote. Sijui kwa nini lilikuwa bado botini."

"Uliacha boti yake ipeperuke."

"Mkondo uliipeleka ndani ya maboya. Sikupanga."

"Yeye yuko wapi?"

"Nje ya mpaka, chini, amefungwa kwa nanga yake. Ndani sikuweza. Ndani wazamiaji wa wizara hushuka kuhesabu samaki." Akaongeza, kama anayeeleza jambo la kawaida la kazi, "Huko nje hakuna anayehesabu kitu."

Koplo alimfunga pingu. Walipompitisha mlangoni Kapteni alisimama, akageuka kuutazama ukuta wote, wale samaki aliowajua mmoja mmoja kwa mwaka na kwa jina. Kisha akainamisha kichwa akatoka.

*

Wazamiaji walimpata Daktari siku iliyofuata, asubuhi, mahali palepale alipopataja Kapteni. Inspekta hakutaka habari imfikie mama kwa simu. Alikwenda mwenyewe, akapita katikati ya ndugu waliokuwa sebuleni, akafunga mlango wa jikoni nyuma yake.

Alimwambia yote, polepole, bila kuruka. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya rafu. Hakulia aliposikia kuhusu gongo, wala aliposikia kuhusu nanga. Inspekta alipofika kwenye kinasa sauti, alimkatiza.

"Ngoja. Unasema alasiri ile hakuita?"

"Hakuita, mama. Alasiri ile alikuwa ameshafariki. Sauti ile ilikuwa ya siku nyingine, na ilisikika ukumbini mle tu. Hukukosa kitu. Palikuwa hakuna cha kusikia."

Mama aligeuka akaitazama redio. Ilikuwa bado ikikoroma. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akanyoosha kidole akaizima, na jikoni pakawa kimya kiasi kwamba minong'ono ya sebuleni ilisikika neno kwa neno.

"Basi neno la mwisho aliniambia mimi," alisema. "Asubuhi, hapo mlangoni, ameshika viatu mkononi."

"Alisema nini?"

Mama alivuta kiti akakaa. Machozi yalikuwa yameanza kushuka, na hakuyafuta.

"Aliniambia nisimsubiri kula. Nikamwambia, nani akusubiri." Alilaza viganja vyote viwili mezani. "Na nikamsubiri."